Nani Atoe Ruhusa ya Kuondoka?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mahari, ulevi, wakwe na fedha za nyumbani. Leo nataka tuzungumze juu ya maji. Huenda mmoja wenu akauliza, "Mafuriko yanahusiana nini na ndoa? Je, hiyo si kazi ya chifu na watu wa Msalaba Mwekundu?" Mimi nami niliwahi kufikiri hivyo. Ninakaa Budalang'i, kaunti ya Busia, mahali ambapo mto Nzoia unaingia katika Ziwa Victoria. Nimewafundisha wachumba kwa miaka mingi bila kutaja mafuriko hata mara moja, ingawa chumba tulichofanyia mafundisho kilikuwa na alama ya maji ukutani, kimo cha kiuno changu. Lililonifumbua macho ni jambo lililotukia nyumbani kwangu mwenyewe, nami nitawasimulia bila kujificha.

Wakati wa mvua za mwisho wa mwaka 2019, mto ulijaa nikiwa safarini. Mke wangu aliogopa. Akachukua watoto na mama yangu mzazi, akaenda nao kulala katika shule iliyo kwenye mwinuko. Usiku ule maji hayakufika kwetu. Lakini wezi walifika. Waliondoka na kuku wote, magunia mawili ya mahindi na baiskeli. Niliporudi nilimkaripia mke wangu mbele ya watoto na mbele ya majirani. Nakumbuka maneno yangu vizuri: "Nani alikupa ruhusa ya kuacha boma langu?" Hakujibu neno. Mimi nikadhani nimemfundisha kutunza mali.

Mwezi wa Mei mwaka 2020 nilikuwa Busia mjini kwa kibarua cha ujenzi. Makanisa yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya korona, na katekista naye ana watoto wanaokula. Kafyu ilikuwa inaanza saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo nililala huko huko. Jioni moja jirani alipita kwangu akamwambia mke wangu kwamba tuta la mto limeanza kuvuja, watu wanaondoka. Mke wangu akanipigia simu. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji. Akapiga tena na tena. Majirani wakabeba magodoro yao wakaenda. Yeye akabaki.

Maji yaliingia yapata saa tatu usiku. Alipanga watoto juu ya meza, kisha meza ilipoanza kuelea akawapandisha kwenye mbao za dari, pamoja na mama yangu ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka zaidi ya 70. Mdogo wao alikuwa na miaka mitatu. Walikaa huko mpaka kulipopambazuka, wakaokolewa na kijana mwenye mtumbwi. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu kila siku. Mtoto yule mdogo aliugua kifua kwa wiki tatu. Mbuzi saba walizama wakiwa wamefungwa kamba.

Nilipowakuta kambini nilimwuliza mke wangu kwa nini hakuondoka na wenzake. Akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hasira, "Nilikuwa nangojea ruhusa yako."

Ndugu wapendwa, tangu siku hiyo nimeyaona mafuriko kuwa jambo la ndoa.

Yule aliyepo ndiye anayeamua

Najua wako waume watakaosema kwamba mume ndiye kichwa cha nyumba. Sitaki kubishana nao. Nauliza tu, kichwa kilichoko Busia mjini kitayaonaje maji yaliyoko chini ya kitanda Budalang'i? Sisi tunamheshimu Mtakatifu Yosefu kwa sababu aliamka usiku ule ule, akamchukua mtoto na mama yake wakaenda Misri. Hakungoja kupambazuke wala hakukusanya vyombo vya useremala. Lakini Yosefu alikuwepo nyumbani. Waume wengi wa leo hawapo. Wako Nairobi, wako Kisumu, wako ziwani wanavua, wako kwenye mashamba ya watu. Mwenye kulala na watoto aghalabu ni mama, au bibi, au dada mkubwa wa miaka 14.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo mume na mke wanapaswa kulimaliza, tena wakati wa kiangazi, ni hili: yule aliyepo nyumbani hatari inapokuja ana mamlaka kamili ya kuondoa watu. Hapigi simu kuomba. Akipata nafasi atapiga kuarifu. Na la pili, ambalo ni gumu zaidi kwetu wanaume: akiondoka na maji yasije, hatalaumiwa. Hata kuku wakiibiwa. Ukimlaumu mara moja tu, umemfunga kamba kama nilivyofunga mbuzi wangu.

Agano hili lisemwe wazi, watoto wakubwa wakisikia, na nyanya akisikia. Kwa nini nyanya? Kwa sababu wazee wetu mara nyingi ndio wanaokataa kuondoka. Huku kwetu wako waliokuwa watoto wakati wa mafuriko makubwa ya 1961 na 1962, yale ambayo watu waliyaita mafuriko ya Uhuru, nao husema, "Nimeona makubwa kuliko haya." Ni kweli waliyaona. Lakini wakati ule waliweza kukimbia. Mama yangu alinisumbua sana juu ya jambo hili, mpaka nilipomwambia mbele ya mke wangu, "Mama, usiku ambao mimi sipo, neno la mkamwana wako ni neno langu." Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu aliuliza atabebwa na nani. Basi hilo nalo tukalipanga, kwa maana mzee asiyeweza kutembea haraka huondolewa mchana, mapema, wengine wakiwa bado wanatazama mto.

Kwa nini yasingoje usiku

Tazameni tarehe hizi. Katika kaunti ya Pokot Magharibi mlima uliporomoka usiku wa kuamkia Novemba 23, 2019. Karibu na Mai Mahiu, kaunti ya Nakuru, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalipasuka alfajiri ya Aprili 29, 2024, yakafagia nyumba na watu waliokuwa wamelala. Huko Marakwet Mashariki, upande wa Chesongoch, udongo uliteremka usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025. Sehemu ni tofauti, na kabila ni tofauti, lakini saa ni ile ile. Watu walikuwa wamelala. Mvua kubwa za nchi yetu mara nyingi hunyesha jioni na usiku, na usiku hakuna anayeona ufa kwenye tuta wala mti unaoinama mlimani. Usiku pia si saa ya mume na mke kuanza kujadiliana nani abebe nini.

Huku Budalang'i tuna jambo jingine la kutudanganya. Mto wetu unatoka mbali, katika milima ya Cherangany, na unapokea maji ya miteremko ya Mlima Elgon, kisha unapita Webuye na Mumias kabla ya kutufikia. Mvua ikinyesha huko juu, sisi tunaweza kuwa na jua kali na vumbi barabarani, na huku maji yako njiani yanakuja. Mgeni hawezi kuamini. Mtu anaanika mihogo yake asubuhi, na baada ya siku chache anaikuta inaelea. Zaidi ya hayo, mto huleta udongo mwingi kutoka mashamba ya juu na kuutua huku chini kwenye tambarare, kwa hiyo kila mwaka sakafu ya mto inapanda, na matuta tuliyojengewa kando yake yanakuwa kama yamefupika. Kisha sisi wenyewe tunayatoboa. Ng'ombe wanapita pale pale kila siku, watu wanachimba udongo wa kufyatulia matofali, mchwa na fuko nao wana kazi yao. Mwaka 2020 ziwa nalo lilikuwa limepanda hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, kwa hiyo maji ya mto hayakupata pa kwenda.

Hapana budi basi kila nyumba iwe na macho huko juu. Sisi tuna shemeji yangu anayekaa karibu na Webuye. Tumekubaliana naye kwamba mto ukibadilika rangi na kupanda kule, atume ujumbe kwa simu ya mke wangu, si yangu. Taarifa za Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa husomwa redioni, nazo husema juma lijalo mvua itazidi katika sehemu gani. Msisikilize tu habari za Busia. Sikilizeni pia habari za Trans Nzoia na Bungoma, maana mvua yao ndiyo mafuriko yetu. Na hapo nyumbani pigeni kigingi kando ya maji, mkipake rangi mahali mlipokubaliana kwamba maji yakifika, wazee, watoto wadogo na mifugo wanaondoka, bila mjadala. Kigingi ni kizuri kwa wana ndoa kwa sababu hakina hasira. Hakuna anayeweza kusema mke ni mwoga au mume ni mkaidi.

Wenzetu wanaokaa kwenye miteremko, huko Murang'a, Marakwet, Pokot na kwingineko, kigingi chenu ni ardhi yenyewe. Mkiona nyufa mpya shambani au kwenye ukuta, mlango uliokuwa ukifunguka vizuri unaanza kukwama, nguzo au miti inainama, chemchemi inatoa maji ya matope au kijito kinakauka ghafula mvua ikinyesha, msilale humo. Na mkisikia mngurumo kutoka juu, msikimbie kufuata bonde kwenda chini, kwa maana udongo unafuata njia hiyo hiyo. Kimbieni kwa upande, mkipanda.

Mkebe na siri

Sasa nije kwenye jambo ambalo huleta ugomvi kuliko maji yenyewe, yaani karatasi na fedha.

Katika kambi ya 2020 nilikutana na mama aliyekuwa amefiwa na mume kabla ya mafuriko. Hati ya shamba ilikuwa ndani ya nyumba iliyoanguka, lakini hakujua imefichwa wapi, kwa sababu marehemu hakumwambia kamwe. Aliogopa kwamba akijua ataiuza. Je, wangapi miongoni mwetu tumeficha hati kwa namna hiyo? Hati ikipotea hupatikana nyingine, lakini kwa safari nyingi za ofisi ya ardhi, kwa kiapo, na kwa tangazo katika Gazeti rasmi la Serikali pamoja na kungoja siku 60. Mjane mwenye watoto watano kambini hana nauli ya safari hizo.

Nyumbani kwetu tunatumia mkebe wa plastiki wa mafuta ya kupikia, ule mkubwa wenye kifuniko kinachobana na mkono wa kushikia. Ukifungwa vizuri hauingii maji, na ukianguka unaelea. Ndani mmo tumeweka vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, hati ya shamba, vyeti vya shule, cheti chetu cha ndoa na kadi za ubatizo, kila kitu katika karatasi ya nailoni. Humo pia mna nakala za vitambulisho, maana vitambulisho vyenyewe tunatembea navyo. (Cheti cha ndoa kikipotea msife moyo, parokia mliyofungia ndoa ina kitabu chake. Lakini parokia nazo huingiliwa na maji, kwa hiyo mapadre watuhurumie waviweke vitabu juu.) Tumeongeza kibiriti kilichofungwa, tochi, shilingi 1,000 za noti ndogo ndogo, na karatasi yenye namba za simu zilizoandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino huyeyuka. Namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, ambayo haitozi pesa, imo. Siku hizi hakuna anayekumbuka namba ya mwenzake kichwani. Watoto wetu wameikariri namba ya mama yao pamoja na sala ya Baba Yetu.

Dawa zenu za kila siku, za presha, za sukari, za kifafa, au zile za ARV, ziwe mahali pamoja karibu na mkebe. Hapa nitasema jambo kwa upole. Wako wana ndoa ambao mmoja anameza dawa kwa siri bila mwenzake kujua. Sitaingia katika habari hiyo leo. Nasema tu kwamba maji huwa hayatunzi siri ya mtu, na mgonjwa aliyekimbia bila dawa zake huzikosa kwa siku nyingi akiona haya kuuliza.

Kuhusu fedha, nyumba nyingi zimeweka akiba yote ndani ya simu ya mume. Simu ikizama au mume akiwa hapatikani, mama hana hata nauli ya bodaboda. Mke awe na akiba yake kidogo kwa jina lake, na chama cha akina mama kijue kwamba msimu wa mvua mwanachama anaweza kuchukua fungu lake mapema. Waume wengine hukasirika nikisema hivi katika mafundisho. Huwauliza, "Wewe uliweka ile akiba kwa ajili ya nani?"

Mifugo yenu iondoke kabla yenu. Ng'ombe wapelekwe kwa ndugu aliye kwenye mwinuko mara kigingi kinapofikiwa, na ndugu huyo aombwe mapema, tena mkubaliane juu ya maziwa, maana maziwa yamevunja udugu mwingi. Asiyeweza kuwaondoa awafungue kamba. Mnyama aliyefunguliwa hujitafutia njia. Mbegu za kupanda ziwekwe mbali na mahindi ya kula, katika debe lililofungwa, juu kabisa, kwa kuwa maji yakishuka serikali inaweza kuleta unga lakini mbegu hufika zikiwa zimechelewa.

Mwanaume anayebaki kulinda

Yafaa niseme jambo hili kwa wanaume wenzangu hasa. Familia ikiondoka, baba mara nyingi hubaki kulinda mabati na vyombo. Ninaelewa. Mimi mwenyewe niliibiwa. Lakini maji yanayokwenda kasi, hata yakifika sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika kimo cha goti mtu hapaswi kuyavuka kwa miguu, hata kama ni njia aliyoipita tangu utoto. Chini ya maji ile njia haipo tena, kuna mashimo na vyoo vilivyobomoka. Mapikipiki na magari nayo husombwa kwa maji ambayo dereva alidhani ni machache. Mke akibaki mjane kwa ajili ya mabati 20, mabati hayo yatamsaidia nini?

Jumuiya yetu ndogo ndogo ilipata njia nafuu. Wanaume sita hukaa pamoja mahali pakavu penye kuonekana, si kila mtu kwake, wakiwa na mtumbwi mmoja na tochi, wakipokezana. Ikifika hatua kwamba mtumbwi wenyewe hauwezi, wote wanatoka. Wizi haukwisha kabisa, sitadanganya. Ulipungua.

Maisha ya kambini

Watu husema mafuriko huvunja nyumba. Nimeona yakivunja ndoa pia, tena baada ya maji kushuka. Kambini, mume, mke, wakwe na wageni wanalala chumba kimoja cha darasa. Faragha hakuna. Baba aliyekuwa na shamba sasa anapanga foleni ya unga, na haya ile humpeleka kwenye pombe. Nimeona baba akiuza turubai aliyopewa ili anywe, watoto wake wakanyeshewa. Wana ndoa wakubaliane tangu mwanzo kwamba chochote kinachopokelewa, kiwe blanketi, unga au chandarua, ni cha nyumba nzima, hakiuzwi na mmoja peke yake. Na mume asione aibu kuteka maji na kuogesha watoto huko kambini. Kazi ya shamba haipo, basi atafanya nini siku nzima? Wasichana wenu wasiachwe kwenda chooni peke yao usiku. Hilo ni jukumu la baba, nalo halihitaji shamba.

Ugonjwa hufuata maji. Vyoo vikifurika, visima huchafuka, na kipindupindu hakichagui. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au yatiwe dawa ya klorini kwa kufuata maandishi ya chupa. Mtoto akiharisha aanze mara moja kunywa maji ya chumvi na sukari. Kama pakiti ya zahanati haipo, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vikiwa vimesawazishwa, kisha apelekwe zahanati. Wote wawili mjue kipimo hiki. Nimewahi kumkuta baba mwenye watoto sita aliyesema, "Hayo anajua mama yao," na mama yao alikuwa amelazwa.

Mkirudi nyumbani, watoto wasiingie kwanza. Nyumba ya udongo iliyolowa huweza kuanguka siku ya tatu, jua likiwaka. Nyoka hupenda kujificha katika nguo na majani yaliyolundikana. Kisima kisinywewe mpaka kitiwe dawa, na afisa wa afya wa sehemu yenu ndiye atakayeeleza kiasi.

Maswali ya kuzungumza jioni

Someni haya mkiwa wawili, redio ikiwa imezimwa. Msijibu kwa haraka.

Je, mke wangu akiondoka na watoto leo usiku, na hatari isitokee, nitamwambia nini kesho? Yeye anaamini nitamwambia nini? (Mke ajibu swali hili kwanza. Majibu yenu yasipofanana, kaeni hapo hapo.)

Hati ya shamba iko wapi? Mwenzako anaweza kuifikia gizani?

Tukitawanyika, tutakutana wapi? Na kama hapo nako pamejaa maji, wapi tena?

Nani katika nyumba hii hawezi kukimbia, na nani atambeba?

Sisi tulijibu maswali haya mwezi wa Agosti 2020, tukiwa tumekaa juu ya matofali tuliyokuwa tunajengea upya. Swali la kwanza lilituchukua jioni mbili, na mengi niliyoyasikia sitayaandika hapa. Tulikubaliana pia juu ya alama. Anayeondoka anafunga kitambaa chekundu juu ya mlango, ili anayerudi asiingie majini kutafuta watu ambao hawamo.

Mvua za masika za mwaka 2024 zilipozidi, nilikuwa kwenye mazishi upande wa pili wa mto, na simu haikupata mtandao. Niliporudi asubuhi, maji yalikuwa yamezunguka boma na kufika kizingitini. Nilisimama barabarani kwenye mwinuko nikatazama. Kitambaa chekundu kilikuwa juu ya mlango, kamba za mbuzi zilikuwa zimefunguliwa, na mkebe haukuwepo mahali pake dirishani. Nikageuka, nikaenda moja kwa moja kule shuleni. Mke wangu alikuwa anapika uji. Mama yangu, ambaye alikuwa amebebwa kwa baiskeli tangu mchana uliotangulia, alilalamika kwamba uji hauna sukari.